Mchumba Aliyekuja Siku ya Mfungo

Ngoma zililia chini ya dirisha letu wakati ambao hata paka wetu alikuwa amechoka kulia njaa.

"Turfa," baba aliniita kwa sauti iliyokauka, "hebu chungulia. Nani anapiga ngoma mlangoni kwangu leo?"

Ilikuwa alasiri ya Siku ya Upatanisho. Tangu jua la jana lilipozama, hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeonja chakula wala tone la maji. Baba yangu, Mzee Bundari, muuza hariri ambaye siku nyingine zote hupendeza kama bwana harusi, alikuwa ameketi sakafuni na kanzu kuukuu, midomo imempauka. Bibi Muluku, mama yake, alikuwa amelala ubavu ukutani, macho ameyafumba. Ghafla pua yake ikacheza.

"Njiwa," alisema bila kufumbua macho. "Njiwa wa kuokwa, wametiwa mdalasini. Bundari mwanangu, nadhani nimekufa, na nimefika mahali pazuri."

Nikachungulia.

Pale chini alikuwa amesimama Sahlani, mtengeneza sharubati za dawa, mwanamume niliyempenda kwa miezi saba bila baba kujua. Alikuwa na kilemba kipya na uso unaong'aa kama mtu aliyeoga mara mbili. Nyuma yake walikuwapo wapiga ngoma wawili, na ami yake Nisimu, mzee mnene kutoka Dimyati, ameshika sinia la shaba lenye njiwa ishirini waliopangwa kama kilima. Shavu moja la ami lilikuwa limevimba. Alikuwa anatafuna.

Mimi ndiye niliyemwandikia aje.

Ngoja nieleze. Nilimwona Sahlani mara ya kwanza dukani kwake, Bibi alipokwenda kununua dawa ya kifua. Alinisalimia, nikaangalia chini. Akaniuliza kama nami nina kikohozi, nikatikisa kichwa. Ndiyo mazungumzo yote. Lakini chupa ya pili ya dawa ilipoletwa, tulipoteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani kama tufanyavyo watu wote wa ghorofani hapa Fustati, mji wa Misri, kwenye kizibo kulikuwa na kikaratasi.

"Wewe husemi. Je, huandika?"

Nikajibu: "Huandika."

Basi tukaandikiana. Mdomo wangu ni mzito tangu utotoni, ila kalamu nikiishika hainisumbui. Na Bibi yangu, Mungu ampe umri, alikohoa miezi saba mfululizo bila ugonjwa wowote.

Sahlani ni Myahudi kama sisi, lakini yeye ni Mrabani na sisi ni Wakaraiti. Hilo halikuwa tatizo la kuzuia ndoa. Shangazi yangu mwenyewe ameolewa na Mrabani na ana watoto watano. Tofauti yetu kubwa iko angani. Wao huupigia mwezi hesabu vitabuni, miaka mingi mbele. Sisi hupanda darini kuutafuta kwa macho, na usipoonekana, basi haujaandama, hata kitabu kiseme nini.

Kabla ya mwezi ule kuanza, Sahlani alikuwa amesafiri kwenda juu mtoni kuchukua sukari. Kabla hajaondoka nilikuwa nimemwandikia kwamba akirudi aje kwa baba kuniposa, tarehe kumi na moja. Nilifikiri: kumi tutafunga, jioni Bibi atamlainisha baba kwa supu, na kumi na moja moyo wake utakuwa mweupe. Kilichotokea ni kwamba mwezi ule tuliuona siku moja baada ya kitabu chao. Kwetu ilikuwa bado kumi. Kwake, aliyekuwa amefunga jana yake juu ya jahazi la sukari na kushuka bandarini mchana ule ule, ilikuwa kumi na moja, na hakuchelewa hata saa moja.

Baba alishuka ngazi polepole. Mimi na Bibi tulifuata, shela zimetufunika, tukasimama pale ngazi inapokata kona.

Sahlani aliinama. "Amani kwako, Mzee Bundari. Mimi ni Sahlani bin Ibrahimu. Nimekuja na ami yangu..."

"Karibu njiwa, mzee mwenzangu," ami Nisimu alidakia, akisogeza sinia mbele. "Huyu wa juu usimguse, nimeshamwanza."

Wakaraiti wa mtaani walianza kutoka milangoni, nguo kuukuu, nyuso za njaa. Ngoma zikapungua, kisha zikanyamaza.

"Kijana," baba alisema taratibu, "unajua leo ni siku gani?"

"Ni kumi na moja, mzee. Siku njema."

"Leo ni kumi."

Niliona rangi ikimtoka Sahlani usoni. Alielewa papo hapo. Alifumba mdomo, akaufumbua, akamgeukia ami yake na kumnong'oneza atoe kile kilichomo kinywani. Ami alikimeza.

Ingekuwa mwaka mwingine, labda baba angecheka. Lakini wakati wa Pasaka iliyopita, sisi tukiwa bado tunakula mikate isiyochachuka na Warabani wameshamaliza yao, vijana fulani wa kwao walikuja chini ya madirisha yetu wakala maandazi kwa makelele. Malalamiko yalifika mbali, hadi Khalifa mwenyewe akatoa amri, ikasomwa misikitini, masinagogini na sokoni. Baba aliihifadhi yote kichwani. Aliisoma wakati wa kula, aliisoma akipima hariri, wageni walisomewa. Siku ile aliisoma ngazini.

"'Kila kundi libaki na njia yake. Asiingiliwe mtu katika sikukuu yake. Na mwenye kuwaudhi wenzake katika siku yao tukufu, atatembezwa mjini juu ya punda na kuhamishwa.' Hayo ni maneno ya Khalifa wa Waislamu, ambaye si wa dini yetu. Yeye anatulinda. Na wewe, ndugu yetu, unatuletea njiwa."

Kwa sababu ya amri hiyo, askari wa liwali walikuwa kwenye zamu mbele ya sinagogi letu siku nzima. Ngoma ziliwaleta mbio. Mkubwa wao alimuuliza Sahlani ni nani aliyemwita katika nyumba hii.

Sahlani aliinua macho mpaka kwenye kona ya ngazi. Alinitazama mara moja tu.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Ni mimi, nimemwandikia mimi. Maneno manne, mepesi kabisa. Yakakwama.

"Hakuna aliyeniita," Sahlani alisema. "Nimekosea mwenyewe."

Wakamchukua, pamoja na wapiga ngoma, ambao walilalamika njia nzima kwamba wao ni Waislamu wa bandarini, wameajiriwa kupiga ngoma, na hakuna aliyewaambia kuwa Wayahudi wako aina mbili. Njiwa ishirini wakabaki ngazini. Hadi magharibi, watu wenye njaa waliwapita wakiangalia dari.

Jua lilipozama tukafungua. Baba alikula vijiko viwili vya supu, akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala. Ami Nisimu, ambaye askari walimwacha kwa uzee wake, alitoka kumwona Sahlani kizuizini akaja kubisha hodi akiomba sinia lake. Alipokuwa akipewa, alimwekea Bibi kikaratasi kiganjani. Bibi akanipa. Nilikisoma karibu na jiko.

"Turfa, usinitetee. Ukitaja kwamba uliandikiana na mwanamume, jina lako litatembezwa mjini na halihitaji punda. Karatasi yako nimeimeza askari walipotaka kunipekua. Ulitumia wino mwingi, hata sasa ulimi ni mweusi. Kesho nitasema nilikosea nyumba. Wakinihamisha nitakwenda Dimyati kwa ami. Hata huko watu wanakohoa."

Nilicheka huku machozi yananitoka, nikajibana mdomo kwa shela ili baba asisikie.

"Anasemaje?" Bibi aliuliza.

"Anasema nisimtetee."

"Na wewe unasemaje?"

Nilikikunja kikaratasi. Bibi alikoroga makaa, akaniambia kwamba kabla ya kumpata babu yangu alitaka sana kumwambia jambo mwanamume mmoja, akasubiri apate ujasiri. Yule mwanamume akaenda kuoa katika mji wa Ramla.

"Babu alijua?" nikauliza.

"Babu yako ndiye niliyempata nilipochoka kusubiri. Alikuwa mtu mwema sana, mjukuu wangu. Lakini njiwa hakuniletea hata mmoja."

Asubuhi baba alishangaa kutukuta tumevaa tayari, mimi na Bibi. Bibi alimwambia anataka kuona haki ikitendeka. Baba alifurahi kidogo.

Liwali wa Fustati alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye mafua, aliyezungukwa na leso. Kando yake aliketi Katibu Makari, Mkopti mwembamba wa makamo, mmoja wa wale Wakristo wanaoandika kila kitu katika ofisi za Khalifa. Sahlani alisimama katikati. Ulimi wake ulikuwa mweusi kweli.

Katibu alisoma shitaka. Liwali akamuuliza Sahlani ana la kusema.

"Nilikosea nyumba, Bwana Liwali."

"Ukiwa na ngoma mbili na njiwa ishirini?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulikuwa unakwenda nyumba ipi?"

"Nyingine."

"Ya nani?"

Sahlani alifikiri muda mrefu mno. "Nimesahau."

"Unakwenda kuposa, na umesahau kwa nani," liwali alisema, akapenga kamasi. "Nimehukumu wezi, nimehukumu walevi, sijaona mtu anayedanganya vibaya namna hii. Kijana, hata jina la uongo hukujiandalia?"

Watu walicheka. Baba hakucheka. Liwali akamwambia Katibu Makari kwamba kwa kuwa mshitakiwa hana maelezo, na amri ya Khalifa iko wazi, iandikwe ahamishwe mjini kabla ya Ijumaa. Nilimwona katibu akichovya kalamu.

Nadhani ni kalamu ile iliyonisimamisha. Mikono ya watu wengine ilikuwa inaandika jambo langu.

"Samahani," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena.

Liwali alitafuta sauti inatoka wapi. "Nani huyo? Sema kwa nguvu, binti yangu. Hata mbu wa barazani kwangu wana sauti kuliko wewe."

"Turfa," baba alisema, "keti."

"Nisamehe baba. Jana niliketi siku nzima."

Nikamtazama Katibu Makari, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu asiyependa makelele kama mimi, nikamwambia yeye badala ya wote.

"Hakukosea nyumba. Mimi ndiye niliyemwandikia aje kuniposa. Nilimwambia aje tarehe kumi na moja. Karatasi haipo kwa sababu ameila."

Kisha ami Nisimu akasema kwa sauti pale nyuma, "Ndiyo maana jana usiku hakutaka mkate."

"Nani mwingine anayejua habari hii?" liwali aliuliza.

Bibi Muluku aliinuka akishika kiuno. "Mimi, bwana. Vikaratasi vyote vilipanda na kushuka kwa kikapu changu, chini ya dawa ya kifua."

Baba alimgeukia. "Mama, wewe ulikuwa mgonjwa."

"Sijawahi kuwa mgonjwa, mwanangu. Ila ile sharubati ni tamu."

Liwali alijificha nyuma ya leso yake, na mabega yakatikisika. Alipotoka alikuwa amejikaza tena. Alisema basi kijana aliitwa tarehe kumi na moja, akaja. Anachotaka kujua ni alikuja tarehe ngapi. Akamuuliza kila mtu leo ni ngapi.

"Kumi na mbili," alisema Sahlani.

"Kumi na moja," alisema baba.

"Kwetu sisi Wakopti ni ishirini na tatu ya mwezi wa Tuti," alisema Katibu Makari kwa adabu, bila kuinua kichwa.

Liwali alichungulia mlangoni kwanza, kama mtu anayetaka kuhakikisha hakuna wa ikulu aliyesimama pale. "Na sisi Waislamu," alisema kwa sauti ya chini, "ikulu wanapiga hesabu, kwao ni kumi na mbili. Watu wa mtaani kwangu wanaupandia mwezi darini, kwao ni kumi na moja. Nyumbani mke wangu ni wa mtaani, mimi mshahara wangu unatoka ikulu. Kila Ramadhani nakula daku peke yangu."

Kicheko kilipotulia, aliniuliza mimi nilitaka aamue nini. Nilisema, "Muulize baba, bwana. Baba anaijua amri yote. Mwombe asome sehemu inayofuata."

Baba alinitazama. Alijua ni sehemu gani. Ile ambayo huwa anaipitia haraka, kwa kuwa haina punda wala askari. Katika baraza lile hakuna mwingine aliyeijua kwa moyo. Nakala ya katibu ilikuwa imebaki Kahira, kwenye mji wa ikulu, ndani ya kabati. Baba angeweza kusema hakuna kinachofuata, na mambo yangekwisha pale.

Alisafisha koo.

"'Kila kundi libaki na njia yake,'" alianza. "'Asiingiliwe mtu katika sikukuu yake. Na mwenye kuwaudhi wenzake...'" Akanyamaza.

"Endelea, mzee," liwali alisema kwa upole.

"'Wala asilazimishwe yeyote kuishi kwa mwezi wa mwenzake. Hesabu ya Warabani ni sahihi kwa Warabani, na jicho la Wakaraiti ni sahihi kwa Wakaraiti, na hatahukumiwa mtu kwa kalenda isiyo yake.'"

"Basi kwa amri hiyo ya Khalifa, jana kwa kijana huyu ilikuwa ngapi?"

Baba alilitoa jibu kama mtu anayeng'olewa jino.

"Kumi na moja."

"Aliitwa kumi na moja, akaja kumi na moja. Nikimfukuza mjini nitakuwa nimesema mwezi wake ni wa uongo, na hapo atakayekuwa amevunja amri ni mimi." Liwali aliokota leso nyingine. "Mwachieni. Na wapiga ngoma waachieni, wamenichosha usiku kucha."

"Na yule ami aliyekula ngazini?" aliuliza Katibu Makari, kalamu hewani.

"Ana mwezi uleule wa mpwa wake. Ameponea hapo hapo."

Sahlani alitaka kunisogelea. Nilimwonyesha baba kwa macho, akasimama. Baba alikuwa ameshatoka nje.

Tulirudi nyumbani, Bibi mbele juu ya punda, mimi na baba tukitembea nyuma. Tulipopita soko la sukari baba alipunguza mwendo.

"Nilipokuwa na miaka kumi na tisa," alisema, "enzi za Khalifa aliyemtangulia huyu, sinagogi letu lilibomolewa. Tulivalishwa nguo nyeusi. Na ukienda hamamu, ambako watu wote ni uchi na hakuna anayejua nani ni nani, Myahudi alifungwa kengele shingoni. Ukipiga hatua, inalia. Ukiinama kuchota maji, inalia. Wanaume wazima wananyamaza ili waisikie."

Sikuwahi kusimuliwa hayo. Nilimshika mkono.

"Halafu yule yule Khalifa akageuza mawazo, akaturuhusu kujenga upya. Nilibeba matofali kwa mikono hii. Na huyu wa sasa akatupa amri. Ndiyo maana naisoma, Turfa. Nyinyi mnanicheka, najua. Jana niliposikia ngoma mlangoni, nilisikia kengele ile."

"Baba, mimi ndiye niliyekosa. Nilitaja tarehe na mwezi haujaonekana."

"Kwa nini hukuniambia unampenda mtu?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Hapana. Niliogopa sauti yangu."

Baba alitembea kidogo akilifikiria hilo. "Nimeisikia leo," alisema. "Si mbaya. Inahitaji mazoezi tu." Kisha, baada ya hatua chache: "Yule kijana kweli alikula karatasi?"

"Yote."

"Karatasi ya Dameski au ya hapa?"

"Ya hapa, baba. Ile nene."

Nilisikia mlio wa ajabu kooni mwake, nikadhani amepaliwa. Alikuwa anacheka. Bibi juu ya punda aligeuka, akauliza tunacheka nini bila yeye, na baba akamwambia anyamaze, yeye ni mgonjwa wa kifua.

Tulipofika mlangoni aliniambia nimwandikie Sahlani aje upya, kwa heshima, bila ngoma. Nilimuuliza tarehe ngapi.

"Usitaje tarehe, kwa ajili ya Mungu. Mwambie Jumatatu. Jumatatu ni moja kwa wote."

Nikaandika: "Jumatatu. Baba anakuita. Hii usiile."

Kikapu kilirudi na jibu: "Nitaitia fremu. Jumatatu nitakuwa mlangoni kabla ya jogoo. Je, wewe utasema chochote, au nije na kalamu?"

Jumatatu alikuja na ami yake, ambaye aliapishwa na Bibi asilete chakula chochote bila kuuliza. Baba alimhoji Sahlani saa mbili nzima. Nilikuwa nyuma ya pazia na sikusikia yote, ila nilisikia baba akimwomba msamaha, na Sahlani akisema hapana, mzee, na baba akisema, "Nyamaza uombwe." Mwishowe pazia likafunguliwa, nikaulizwa mbele ya wote kama nakubali.

"Nakubali," nikasema.

"Sijasikia," alisema ami Nisimu.

"Mimi nimesikia," alisema Sahlani.

Harusi ilikuwa mwezi uliofuata, Sikukuu ya Vibanda ilipokwisha. Ua wetu ulijaa hadi darini. Walikuja Wakaraiti, walikuja Warabani, na wapiga ngoma wale wale wa bandarini, ambao safari hii waliuliza mlangoni mara tatu kama ni siku salama. Katibu Makari alikuja na mkewe na kapu la zabibu. Liwali hakuja, ila alituma udhuru kwamba mafua bado, na leso kumi na mbili za kitani.

Kabla ya chakula, mwandishi alikaa mkekani kusoma mkataba wa ndoa, kama ilivyo desturi panapooana watu wa miezi miwili. Kwamba Sahlani hatawasha taa chumbani kwa mkewe usiku wa kuamkia Sabato, kwa kuwa sisi usiku huo hukaa gizani. Kwamba hatamlazimisha kula mafuta ya mkia wa kondoo, ambayo kwetu ni haramu.

Hapo ami Nisimu alishindwa kuvumilia. "Sasa nyama utaikaangia nini, mwanangu?"

"Ufuta, ami," Sahlani alisema.

"Ufuta," ami alirudia, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Kwamba Turfa naye hatafanya kazi katika sikukuu za mumewe, wala hatazidharau. Kwamba mume atafunga siku yake na mke siku yake, na hakuna atakayemcheka mwenzake. Kila sharti Sahlani alisema nakubali bila kumtazama mwandishi; alikuwa ananitazama mimi. Sikuangalia chini. Alisogea kidogo akaninong'oneza, "Gizani usiku wa Sabato utaandikaje?"

"Sitaandika," nikamwambia. "Nitasema."

Alikuwa wa kwanza kuangalia chini.

Mwandishi alifika mwisho wa ukurasa, akainua kalamu, akasita. Alimtazama baba. Watu wote walielewa amesita kwa nini, maana hata mwezi huu mpya tulikuwa tumeuona siku moja baada ya kitabu chao. Wazee wa Kirabani walijiweka sawa upande mmoja, wazee wetu upande mwingine, na mpiga ngoma mmoja akashusha ngoma yake polepole na kuirudisha kwenye mfuko.

"Mzee Bundari," mwandishi aliuliza, "niandike tarehe gani?"

"Andika zote mbili," baba alisema.

"Ipi itangulie?"

Nilimwona baba akivuta pumzi. Wazee wetu wote walikuwa wanamtazama. Yeye alimtazama Sahlani na kilemba chake kipya.

"Anza na ya kwake," alisema. "Huyu ni mgeni nyumbani kwangu."